Marumaru za Chumba cha Shangazi

Mwaka ule nilirudi Lushoto mwezi wa kwanza, kama ninavyorudi kila kazi zinaponiishia, nikiwa na begi moja na maneno mengi. Nimeishi Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, Mwanza na Dodoma, na kote huko nimewachosha watu kwa kuwasimulia ukungu wa kwetu, baridi ya kwetu na maharage ya kwetu. Nikishafika huku juu, haipiti wiki naanza kuulizia magari ya kwenda Dar yanaondoka saa ngapi. Watu wengine wamejaliwa kupenda mahali walipo. Mimi nimejaliwa kupapenda pale nilipotoka.

Wazazi wangu walifariki zamani na nyumba yao haipo tena, kwa hiyo ninaposema "kwetu" nina maana ya nyumba ya shangazi yangu, dada yake baba, iliyoko mlimani juu ya mji, njia ya kuelekea Kwai. Yeye ndiye aliyenilea tangu nikiwa shule ya msingi hadi nilipomaliza kidato cha nne. Nyumba imejengwa kama zilivyo nyumba nyingi za huku: unachimba mlima mpaka upate kipande tambarare, unasimamisha nyumba hapo, uso wake unatazama bonde na mgongo wake unatazama udongo uliouchimba. Ukuta wa nyuma tunauita ukuta wa mlimani. Chumba cha shangazi kiko upande huo.

Nilimkuta anakohoa. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba, baba," maana huniita baba kwa heshima ya kaka yake, kisha akakohoa tena kabla ya kuniambia kwamba nimekonda. Kikohozi kile kilikuwa na miezi. Daktari alikuwa amemsikiliza kifua, akamuuliza maswali mengi kuhusu mahali anapolala, mwishoni akasema dawa zitasaidia lakini chumba chenye ukuta uliolowa kitamrudisha hospitali kila mara. Basi mwanawe wa pekee, binamu yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mombo, aliamua kwamba mama yake atahamia kwake kabla ya masika. Mombo kuna joto, kuna barabara kuu, kuna zahanati hatua chache tu kutoka dukani. Huwezi kubishana na mtu mwenye sababu nzuri namna hiyo.

Shangazi hakubishana. Ila alikuwa hajalima. Mwezi wa kwanza ukutane na shangazi yangu hajagusa jembe, shamba limeota magugu, mbegu za maharage zimekaa kwenye kopo la maziwa zikimtazama! Hakuhitaji kuniambia kwamba hataki kuondoka.

Na mimi sikutaka aondoke, kwa sababu ambayo naona aibu kidogo kuiandika. Mtu wa aina yangu anahitaji sana nyumba ya kuikumbuka akiwa mbali, na ili nyumba ikumbukike vizuri lazima mtu mwingine awe anaishi ndani yake, anawasha moto, anafagia. Shangazi akiteremka Mombo, mlango utafungwa, na nyumba ya matofali mabichi ikifungwa katika mvua za kwetu haichukui muda inarudi kuwa mlima.

Hapa lazima nimweleze binamu yangu. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, wana ruhusa ya kutukanana hadi matangani. Yeye alizaliwa wiki chache tu kabla yangu, na kwa wiki hizo chache ananidai shikamoo maisha yake yote. Mimi simpi. Nimewahi kumwamkia mara chache sana, na kila mara nilikuwa nimefikwa na jambo.

Ukuta wenyewe uliharibiwa na mapenzi yake. Miaka ya nyuma, duka lake lilipoanza kuchangamka, alipanda mlima na fundi na simenti, akambandikia mama yake marumaru chumbani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa dirisha. Zilikuwa masalio ya wateja mbalimbali: sehemu za kijani, sehemu nyeupe zenye picha za zabibu, na pembeni zile za kahawia ambazo kila mtu alijua ni za sakafu ya choo. Hakuna aliyejali. Kijiji kizima kilikuja kuangalia chumba cha kulala chenye marumaru. Sasa asubuhi marumaru zile zilikuwa zinatoka jasho, matone yanateremka juu ya zabibu hadi sakafuni, na ukizigonga zinalia mvungu.

Jumapili binamu alipopanda kutusalimia, nikamtangazia kwamba nitaukausha ukuta ule kabla ya masika.

Aliangalia begi langu lililokuwa bado pembeni ya mlango, akaniita bwana kwa Kisambaa. "Begi hujalifungua, mghoshi. Ukuta utaufungua lini?"

Nikamkumbusha kwamba Dodoma nilifanya kazi ya jipsamu, zile bodi za unga mweupe uliobanwa katikati ya karatasi, ambazo mafundi huzipigilia darini na siku hizi hata kwenye kuta.

"Ulikuwa unazibeba," akasema.

"Anayebeba anaona."

"Hata punda anayebeba viazi anaviona."

Shangazi alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa. "Mwache ajaribu," akasema. "Masika ikishika, njoo na gari. Ukiukuta ukuta umelowa, nitapanda mwenyewe bila kushikwa mkono. Ukiukuta mkavu, utanywa chai urudi kwako."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Binamu alikubali haraka sana, na haraka ile iliniuma.

Kesho yake nilianza na tindo na nyundo. Kule Dodoma nilimwona fundi mmoja akibandua marumaru kwa ustadi: anaanzia pembeni, analaza tindo, anagonga kama anayebisha hodi kwa wakwe, kisha marumaru inaingia kiganjani mwake nzima. Nilimweleza shangazi hayo yote nikiwa nimesimama katikati ya chumba, pamoja na jinsi tutakavyoziokoa hata moja isivunjike. Alisikiliza kwa adabu, akaenda jikoni.

Niligonga ya kwanza. Haikutikisika. Nikaongeza nguvu, nikaongeza tena. Ndipo nyuma ya ukuta ukasikika mlio kama wa mzee anayesafisha koo, na safu nzima ya marumaru, kutoka pembe hadi pembe, ikaanza kuniinamia. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nikaikumbatia. Nikabaki nimenyoosha mikono yote miwili, shavu langu kwenye zabibu, nikimwita shangazi.

Alisimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi. "Umekamata nini?"

"Ukuta, shangazi."

Aliangalia kwa muda. "Basi usiuachie," akasema, akarudi kuepua chungu.

Niliuachia. Ziliteremka zote kwa pamoja, taratibu kuliko nilivyotarajia, na vumbi lilipotulia nikaelewa: marumaru zilishika vizuri sana kwenye simenti, ila simenti haikushika kitu chochote. Nyuma yake matofali ya udongo yalikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Sehemu moja palikuwa na shimo ambalo ningeweza kuingiza kichwa, na niliingiza, nikaona giza na mzizi. Ningekuwa fundi, mzizi ule ungeniambia kila kitu. Nilitoa kichwa, nikaenda kupanga marumaru nzima uani, nyeupe na nyeupe, kijani na kijani. Jioni nilikuwa nimekwisha kuanza kuzikumbuka.

Shangazi alihamia sebuleni. Mimi niliteremka mjini kutafuta jipsamu. Muuza duka aliuliza dari ina ukubwa gani. Nikamjibu ni ukuta. Akauliza ukuta wa wapi, nikamwambia huku mlimani, akazifunga bodi kwa nailoni mara mbili bila mimi kuomba. Gari la kabichi lililokuwa linarudi tupu lilinifikisha pale barabara inapoishia, kutoka hapo nikazipandisha mwenyewe, mojamoja, kichwani. Bodi ya jipsamu kwenye mteremko wenye upepo ni kitu chenye akili zake. Inakugeuza uangalie ulikotoka. Mama mmoja aliyekuwa anateremka na karoti alinipisha, akaniuliza huo mlango naupeleka nyumba gani.

Shimo nililiziba kwa mawe na simenti. Nikapigilia mbao nyembamba juu ya ukuta, juu ya mbao nikapigilia bodi, viungo nikavipaka puti ya kuzibia nyufa, nikapiga rangi nyeupe. Sitaki kujidharau kupita kiasi: ilipendeza. Ilionekana kama ofisi ya mkuu fulani Dodoma. Nilileta kiti, nikakaa mbele yake.

Shangazi aliingia, akazunguka, akaugusa kwa kidole kimoja. "Na nyuma yake kumekauka?"

"Nyuma haionekani, shangazi," nikamjibu, na nilimjibu kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anayetoa habari njema.

Kwanza lilitokea doa chini, rangi ya chai ya rangi. Nikalipaka rangi. Likarudi, likiwa na wenzake. Nikapaka tena. Ukungu wa asubuhi ulikuwa unaingia dirishani bila kubisha, na bodi zilikuwa zinaunywa kama wageni wa harusini wanavyokunywa soda. Binamu akapiga simu kuulizia ukuta unaendeleaje. Nikamwambia unaendelea.

"Unaendelea kwenda wapi?" akauliza.

Siku niliyokata tamaa niliegemeza kidole tu pale penye doa, kidole kikaingia chote. Nilipokichomoa kilitoka na uji mweupe. Nilifikiria kuweka kabati hapo mbele. Nakiri nilipima kabati. Lakini shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu kwa muda ambao siujui.

"Umemvisha mgonjwa kanzu," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikohoa, akaenda kuanua nguo zake kwenye kamba, akazikunja, akaanza kuziweka kwenye sanduku. Za kwenda nazo, si za kuvaa.

Nilibandua bodi zote mchana ule. Hazikuhitaji nyundo. Nikakaa kwenye kiti kilekile mbele ya ukuta uliovuliwa, nikautazama kwa mara ya kwanza badala ya kuufunika. Juu palikuwa pakavu, pakavu kabisa, udongo mwekundu uliopasukapasuka. Chini katikati palikuwa peusi na panametameta. Na kulikuwa hakujanyesha. Tangu nifike hapakuwa na mvua ya maana, mabonde yalikuwa na vumbi, watu walikuwa wanapanga zamu kwenye mfereji wa kumwagilia. Maji ya ukuta ule yalikuwa yanatoka wapi?

Ndipo nikazunguka nyuma ya nyumba. Sikuwa nimefika huko miaka mingi, mtu mzima hana shughuli huko. Zamani kulikuwa na nafasi ya kupita mtu kati ya ukuta na mlima, tulikuwa tunajificha hapo. Sasa mlima ulikuwa umeteremka kidogokidogo, mwaka hadi mwaka, ukajaza nafasi yote hadi kiunoni mwangu, na juu ya udongo ule ilisimama migomba, shina juu ya shina, minene kama chumba kizima, imeegemea ukuta kama ndugu anayeomba kulala. Udongo ulikuwa mweusi, unateleza, unanukia sabuni.

Shangazi akatokea pembe ya pili na beseni la maji ya vyombo. Hakuniona. Aliyamwaga polepole kuzunguka shina, hapa kidogo, pale kidogo, kama anayegawa chakula kwa watoto. Kisha akaniona.

"Unatafuta nini huku?"

"Natafuta maji."

"Haya hapa," akasema, akamalizia beseni.

Nilimuuliza amekuwa akiyamwaga hapo tangu lini. Tangu mwanawe alipozaliwa, akasema. Maji ya vyombo, maji ya kufulia, na yale yanayobaki kwenye birika akishatawadha. Kila siku. Kwa nini hapo, wakati mbele ya nyumba kuna bonde zima linalosubiri maji?

Alinishangaa kama anayemshangaa mtu aliyesahau kusoma. "Si kitovu kimo humu," akasema.

Nilikuwa najua, ila nilikuwa sijawahi kukijua kwa namna ile. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa kwenye shina la mgomba, na mgomba ule ni wake. Unautunza. Shangazi aliwaona watoto wakikua na kuondoka, mmoja akakaa kwenye barabara kuu kati ya malori, mwingine hajulikani mwaka huu yuko mkoa gani, na kitu pekee alichoweza kuwafanyia ni kuhakikisha mgomba haukauki. "Ukikauka huu," akaniambia, "unafikiri mimi nitapata usingizi?" Kwa hiyo kila siku, kwa miaka yote ile, alikuwa anatumwagilia sisi, na maji yalikuwa yanateremka hadi kwenye ukuta wake, na kutoka ukutani hadi kifuani.

Mimi kitovu kile nimekitumia sana. Kila mji niliokaa, nikiulizwa kwetu ni wapi, nilisema kitovu changu kimezikwa Lushoto, chini ya mgomba, nyuma ya nyumba ya shangazi. Nilikisema kwa masikitiko, nikitazama mbali. Mwanamke mmoja wa Mtwara aliyekuwa tayari kuishi na mimi nilimwambia siwezi kutulia huko kwa sababu ya kitovu. Akanijibu kwamba mbona hata huko kwenye kitovu situlii. Nilimwona hana utamaduni.

Basi nikasimama pale kwenye matope, nikajiona ninakaribia kufanya jambo kubwa. Nikamwambia shangazi kwamba migomba lazima itoke, mfereji uchimbwe, ukuta uvute pumzi. Najua ni jambo zito kukubali. Lakini kama kizuizi ni kitovu changu, mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, ninatoa ruhusa.

Shangazi aliweka beseni chini. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka tena kicheko, akashika shina la mgomba asianguke.

"Chako hakimo," akasema.

Nilizaliwa hospitali ya Bumbuli, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba nililazwa kidogo, na siku mama alipotoka na mimi walipata lifti nyuma ya lori lililobeba chai, barabara ikiwa mbaya kama ilivyokuwa siku zote. Kitovu kilikuwa kinaning'inia. Walipofika hakikuwapo. Walikung'uta kanga, walikung'uta blanketi, baba alirudi kwa miguu hadi kona ya pili akiangalia chini. Kilikuwa kimedondoka njiani, mahali fulani kati ya Bumbuli na Lushoto, au kilikwenda kiwandani na chai.

"Ndiyo maana hutulii," akasema, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Unakitafuta barabarani."

Nilimuuliza mbona waliniambia kimo humu. Akaacha kucheka. "Ulipoletwa kwangu ulikuwa unalia kila siku, unauliza kama hapa ni kwako. Nikakuleta hapa, nikakuonyesha mgomba, nikakwambia kitovu chako kimo humu na mwenzako. Ukanyamaza siku ileile." Akaokota beseni. "Humu mna cha mwenzako peke yake. Huwezi kuking'oa wewe. Muulize mwenyewe."

Nilikwenda kusimama pale kwenye kichuguu ambapo simu inashika, shangazi akinifuata. Binamu alipopokea, nikasema, "Shikamoo."

Akauliza kwa sauti ambayo si ya utani: "Nani amekufa?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikianzia kwenye jipsamu, nikarudi kwenye beseni, nikaruka kwenye lori la chai. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nyuma yake nilisikia malori ya Mombo. Nilijua ninachomwomba. Yeye alikuwa amekwisha kumtengea mama yake chumba, amekipaka rangi, amenunua feni. Ukuta ukilowa, mama yake angekuja kwake. Nilikuwa namwomba ang'oe mgomba wake mwenyewe ili mama yake asije.

"Mpe mama," akasema.

Shangazi alishika simu mbali na sikio kama anavyoishika daima. "Mwanangu," akasema, "mgomba wako unaninyeshea." Akanirudishia.

Binamu alipanda Ijumaa baada ya swala, na mtaimbo kutoka dukani kwake, ukiwa bado na karatasi ya bei. Hakunitania hata mara moja hadi tulipoanza kuchimba, na hapo alisema tu kwamba kwa namna ninavyoshika jembe anaelewa sasa kwa nini kitovu kilinikimbia. Pigo la kwanza lilikuwa lake. Tulikata mashina, tukang'oa visiki, tukachimba hadi tukaona mawe ya msingi, na maji meusi yakaanza kujikusanya miguuni mwetu bila kuwa na tone la mvua angani. Machipukizi mazuri tuliyahamishia upande wa bonde, mbele ya nyumba, ambapo shangazi angeweza kuyamwagilia hadi achoke.

Kabla ya kufukia shimo la chipukizi la kwanza, binamu alirudi nyuma ya nyumba na beseni. Alipiga magoti pale katikati palipokuwa na shina kuu, akachota udongo kwa viganja, akaujaza beseni, akageuka kuangalia kama ninacheka. Sikuwa nacheka. Nilikuwa namwonea wivu. Akaubeba kwa mikono miwili, akaumwaga kwenye shimo jipya, nikashindilia mimi.

Mfereji tuliouchimba nyuma ya nyumba tuliulazia marumaru chini ili maji yateleze, zabibu zikitazama juu. Ukuta niliuacha wazi. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kuacha kitu kama kilivyo. Dirisha wazi mchana kutwa, jiko la mkaa mlangoni, siku hadi siku nausogelea, naubandika kiganja, naondoka. Magari ya Dar yalikuwa yanapita chini nikiyasikia. Ukuta ukageuka kutoka mweusi kuwa wa kahawia, kutoka kahawia kuwa mwekundu. Matofali yaliyooza nikayatoa, nikaweka mengine ya udongo uleule, kisha nikaanza kukandika: udongo, mchanga, chokaa kidogo. Shangazi alikaa kwenye kigoda nyuma yangu, ananionyesha kwa fimbo pale palipobonyea, na palikuwa pengi. Nilipomaliza kupaka chokaa nyeupe tukawasha taa, na ukuta ukatoa vilima na mabonde kama nchi yetu inavyoonekana ukiwa umesimama juu. Nikamwomba radhi. Akasema hajali, yeye anageukia upande wa pili akilala. Sanduku lake lilikuwa bado limefungwa.

Masika ilishika usiku, ikaendelea mchana, na siku zilizofuata hatukuliona bonde. Mimi nilikuwa naamka, naugusa ukuta, narudi kulala. Kisha siku moja, mvua ikiwa imepungua kuwa manyunyu, tukasikia pikapu inapanda kwa taabu. Binamu alikuwa amekuja na gari, kama ilivyokubaliwa. Dereva alibaki ndani, vioo juu.

Binamu alimwamkia mama yake, akavua viatu, akaingia chumbani. Mimi na shangazi tulisimama mlangoni kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Aliugusa ukuta kwa kiganja, chini, katikati, chini tena. Akainama, akauwekea shavu, akakaa hivyo muda mrefu. Nilijua anatafuta nini. Alipoinuka alikuwa na chokaa usoni.

"Pale kwenye pembe pana unyevu," akasema.

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo leo."

Shangazi alikuwa amekwisha kuvaa mtandio wake wa safari, sanduku liko miguuni. Binamu alitupita, akaenda nyuma ya nyumba peku, nikamfuata. Maji ya mlima yalikuwa yanashuka kwa kelele, yanaingia kwenye mfereji, yanateleza juu ya marumaru, yanazunguka nyumba yakielekea bondeni. Lakini kwenye ile pembe udongo ulikuwa umeporomoka usiku, ukaziba, na maji kidogo yalikuwa yanarudi ukutani. Alisimama akiyaangalia. Angeweza kuliacha lile bonge la udongo pale. Ningekuwa mimi, na feni nimekwisha kununua, sijui.

"Nipe jembe," akasema.

Alizibua ile pembe, kisha akaanza kupanua mfereji kwenda juu, akikata mlima kwa hasira, matope yakimruka hadi shingoni. Akaniambia kwamba nikisimama tu namna hiyo nitaota mizizi, nilete chepe. Nikaleta. Dereva akapiga honi.

Shangazi alitoka uani, akatuangalia sisi wawili tulivyo, akavua mtandio wa safari. Dereva akapiga honi mara ya pili. Shangazi akaenda hadi kwenye kioo cha gari, akamwambia asirudi Mombo mtupu, jirani hapo juu ana kabichi.